Umegongwa na gari la taka: jinsi ya kudai fidia, kuanzia barabarani hadi malipo

Mdogo wangu alivunjika mguu saa moja kasoro asubuhi, kwenye uchochoro wa nyuma ya soko, Gongo la Mboto. Lori la taka lilikuwa linarudi nyuma. Utingo aliyepaswa kushuka na kumwelekeza dereva alikuwa bado ananing'inia upande wa pili, na pikipiki ya mdogo wangu ilikuwa imesimama ikisubiri lori lipite. Jioni ile ile mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa msimamizi wa magari alikuja wodini na shilingi laki tatu, pamoja na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono: tumekubaliana, tumemalizana, hakuna madai mengine. Mama alikuwa ameshashika kalamu. Kwa mama yangu, jioni ile, laki tatu zilikuwa fedha nyingi, na hakuna daktari aliyekuwa amemwambia kwamba mfupa ule ungewekewa chuma na baadaye chuma chenyewe kingetolewa kwa upasuaji mwingine.

Hakusaini. Tangu siku hiyo nimekaa na majirani wengi waliogongwa na magari haya, kwanza kama ndugu tu mwenye uzoefu, baadaye kama msaidizi wa kisheria wa kata. Nilichojifunza ni kwamba madai ya gari la taka huamuliwa na mambo mawili: kujua gari ni la nani, na karatasi zilizokusanywa wiki ya kwanza. Nimeona watu wenye haki kabisa wakikosa hata senti kwa sababu walianza kuuliza maswali haya mwezi wa nane baada ya ajali.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mahakama zake.

Pale barabarani

Uhai kwanza. Kama kuna damu inayovuja au mtu hajitambui, kila kitu kingine kisubiri. Lakini mara nyingi kuna ndugu, bodaboda mwenzako au muuza genge aliyesimama pale hana la kufanya. Mpe kazi. Apige picha namba ya gari mbele na nyuma, maandishi ya ubavuni, magurudumu yalipoishia, alama za breki, taa za nyuma kama zipo, na kioo cha mbele. Apige pia barabara yenyewe. Magari ya taka humwaga maji machafu yanayoteleza, na nimeshuhudia dai ambalo dereva alisema mwenye pikipiki "alianguka mwenyewe", mpaka picha ikaonyesha mchirizi mweusi wa majitaka kuanzia tangi la lori hadi pale pikipiki ilipolala.

Chukua majina na namba za simu za watu wawili watatu walioona. Usiridhike na "mimi nipo hapa kila siku". Machinga huhamishwa, wapangaji huhama, na baada ya mwaka mmoja hutampata.

Gari lisiondolewe kabla trafiki hajafika na kupima, isipokuwa kama limemkandamiza mtu. Wafanyakazi wa gari la taka wana haraka, wamebaki na mitaa mitatu na safari ya kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Watakuambia wakamwage kwanza halafu warudi. Wakiondoka, mchoro wa ajali utakaochorwa baadaye utategemea maneno ya dereva.

Hospitali na PF3

Fomu namba tatu ya polisi, PF3, ndiyo inayounganisha jeraha lako na ajali ile. Kwa majeruhi wa dharura tiba haipaswi kusubiri karatasi. Ndugu aende kituoni kuichukua wakati mgonjwa anahudumiwa, kisha daktari aijaze. Ikishajazwa, isome kabla hujairudisha. Angalia jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, tarehe ya ajali ni sahihi, na majeraha yote yametajwa. Mtu aliyevunjika paja na pia kuumia bega mara nyingi huandikiwa paja tu, kwa kuwa ndilo lililokuwa linapiga kelele siku ile. Bega likigoma miezi minne baadaye, kampuni ya bima itauliza limetoka wapi. Piga picha pande zote mbili za fomu.

Kuanzia hapo, kila karatasi itunzwe: kadi ya hospitali, picha za eksirei, majibu ya vipimo, karatasi ya kuruhusiwa, risiti za dawa. Mama yangu alikuwa anaziweka risiti kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro la wodini. Wino wa risiti za mashine unafutika kwa joto. Tulipokuja kuzitoa, nyingine zilikuwa karatasi nyeupe tupu, na zile hatukulipwa. Piga picha risiti siku ile ile unayopewa, na uandike nyuma yake kwa kalamu ya wino ilikuwa ya nini.

Dawa uliyonunua duka la mtaani omba risiti ya EFD. Bajaji ya kwenda kliniki haitoi risiti, kwa hiyo mwombe dereva aandike kwenye kijidaftari chako tarehe, safari, kiasi na namba yake ya simu. Inachosha, najua. Ukiwa na maumivu huna nguvu ya kuandika, ndiyo maana kazi hii nampa ndugu mmoja tangu siku ya kwanza, awe mtunza karatasi, na asibadilishwe.

Gari ni la nani?

Hapa ndipo gari la taka linapotofautiana na daladala au gari la mtu binafsi, na ndipo wengi hupotea njia. Dar es Salaam, taka za kata moja zinaweza kuzolewa na gari la halmashauri yenyewe, na za kata ya jirani na kampuni binafsi au kikundi kilichopewa mkataba na manispaa. Mkandarasi naye anaweza kuwa amekodi lori kwa mtu wa tatu, na mwenye lori akawa ndiye aliyemwajiri dereva. Kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Ukiwaachia wao wakuambie gari ni la nani, watakuzungusha mpaka uchoke.

Anza na namba ya gari. Ikianzia na SM, hilo ni la serikali za mitaa, kwa maana ya halmashauri. Ikianzia na ST, ni la serikali kuu. Namba ya kawaida inayoanza na T ikiwa kwenye kibao cheupe ni gari la biashara, na kibao cha njano ni gari la matumizi binafsi. Lori linalozoa taka kwa malipo likiwa na kibao cha njano, liandike jambo hilo. Bima yake huenda ilikatwa kwa matumizi mengine, na kampuni ya bima italiibua.

Hatua ya pili ni bima. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na kwa namba ya gari tu unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ukaona kampuni iliyokata bima na tarehe ya kuanza na kuisha. Fanya hivyo siku ile ile ya ajali na uhifadhi picha ya skrini. Bima iliyokatwa saa nane mchana haifuniki ajali ya saa moja asubuhi, lakini baada ya mwezi wote wataona stika tu, hawataangalia saa.

Hatua ya tatu ni mmiliki aliyesajiliwa, ambaye kumbukumbu zake ziko TRA. Mpelelezi wa trafiki atakuwa na nakala ya kadi ya gari kwenye jalada, na wakili wako anaweza kuomba taarifa hizo rasmi. Usichukue jina lililopakwa rangi ubavuni kuwa ndilo la mmiliki, kwani magari huuzwa na rangi hubaki.

Hatua ya nne, ambayo watu huisahau: nenda ofisi ya mtendaji wa kata au idara ya usafi ya manispaa, uulize kwa barua nani ana mkataba wa kuzoa taka mtaa ule tarehe ile. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mjumbe wa serikali ya mtaa naye anajua, kwa sababu ndiye anayelalamikiwa taka zisipozolewa, na risiti ya ada ya taka unayolipa nyumbani mara nyingi ina jina la mkandarasi.

Kwa nini jasho lote hili? Kwa sababu dereva hana fedha za kukulipa. Kisheria mwajiri hubeba uzembe wa mtumishi wake aliyekuwa kazini, kwa hiyo unawadai dereva na mwenye gari au mwajiri kwa pamoja, na bima hulipa kwa niaba ya aliyeikata. Ukimshtaki asiyehusika, unaweza kushinda hukumu nzuri isiyo na wa kuilipa.

Kama wewe ndiye uliyekuwa unaning'inia nyuma

Wapakiaji wa taka huumia kuliko mtu yeyote. Huanguka gari likiruka tuta, hubanwa na mtambo wa kugandamiza taka, hugongwa na gari la nyuma wakati wanabeba mapipa. Ninaumia ninaposikia wakiambiwa "wewe ni kibarua, huna haki". Bima ya lazima ya gari haikutungwa kwa ajili ya mfanyakazi anayeumia akiwa kazini kwa mwenye gari. Njia yako ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263. Huhitaji kuthibitisha kwamba mtu fulani alizembea. Unathibitisha tu kwamba uliumia ukiwa kazini.

Mfuko hulipia matibabu, hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usioweza kufanya kazi hadi miezi 24, hulipa ulemavu wa kudumu, utengemao (huduma za kukurudisha katika hali ya kujitegemea), na pensheni kwa wategemezi kama mfanyakazi amefariki. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue. Asipotoa, nenda mwenyewe, au ndugu yako aende, na ubebe chochote kinachoonyesha kwamba ulikuwa unafanya kazi pale: meseji za kuitwa kazini, malipo yaliyoingia kwenye simu, picha ukiwa na sare, majina ya wenzako wa zamu. Ajali isipofahamishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki hupotea. Mwajiri ambaye hajajisajili na Mfuko ndiye mwenye kosa kisheria, kwa hiyo usikubali kutishwa na hilo.

Na kama uligongwa na gari lingine wakati unapakia, mweleze wakili, kwa sababu bima ya gari lile nayo inahusika.

Trafiki na kesi ya jinai

Dereva akishtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, kesi ile ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi. Wengi wakishagundua hivyo huacha kwenda: "Haina faida kwangu." Ina faida kubwa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya kumtia dereva hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi wa mwisho katika kesi ya madai kwamba alitenda kosa lile. Kazi ngumu ya kuthibitisha uzembe inakuwa imeshafanyika. Kinyume chake, mashahidi wasipotokea na kesi ikafutwa, kampuni ya bima itakuuliza hukumu iko wapi.

Kwa hiyo chukua jina na namba ya mpelelezi, namba ya jalada, na baadaye namba ya kesi. Piga simu kila wiki mbili, kwa adabu, bila kuchoka. Hakikisha gari limekaguliwa na mkaguzi wa polisi kabla halijaachiwa, maana breki hutengenezwa usiku mmoja. Kesi ikiisha, omba nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka, hukumu, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na ripoti ya polisi ya ajali. Hilo ndilo fungu la karatasi ambalo bima itaomba, na wakiliomba ukiwa tayari unalo, umeokoa miezi.

Hakimu wa kesi ya jinai ana uwezo wa kuamuru dereva akulipe fidia. Mweleze mwendesha mashtaka kwamba unaiomba. Mara nyingi ni kiasi kidogo, na kitazingatiwa baadaye kwenye kesi ya madai, lakini hakikuzuii kufungua hiyo kesi.

Dereva akikiri kosa siku ya kwanza na kulipa faini, usikasirike. Kukiri kwake kumekusaidia. Fuatilia nakala.

Kupiga hesabu ya hasara

Sheria inagawa hasara mafungu mawili. La kwanza ni hasara mahsusi: kile unachoweza kukitaja kwa shilingi na kukithibitisha kwa karatasi. Mahakama ya Rufani ilishaweka wazi tangu mwaka 1992 kwamba hasara hii lazima itajwe bayana kwenye hati ya madai na ithibitishwe. Kusema "nilitumia kama milioni mbili hivi" hakutoshi. La pili ni fidia ya jumla: maumivu, kovu, mguu uliofupika, usingizi uliopotea, raha ya kucheza mpira na watoto ambayo haipo tena. Kiasi chake hukadiriwa na hakimu, lakini hakimu hukadiria anachoelezwa. Andika shajara fupi, hata mistari miwili kwa siku: leo nimeshindwa kupanda ngazi, leo nimebebwa kwenda chooni.

Kipato kilichopotea ndicho huwasumbua watu wa kazi za mtaani. Mdogo wangu hakuwa na hati ya mshahara. Alikuwa na mkataba wa pikipiki na mwenye nayo, na daftari dogo la jalada jekundu ambamo mwenye pikipiki alikuwa akitia sahihi kila hesabu, yaani fedha anayopelekewa mwenye chombo, ilipoletwa. Tulichukua daftari lile, taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, na barua ya mwenyekiti wa kijiwe. Mfano wa hesabu: dereva anayebakiwa na shilingi 15,000 kwa siku baada ya mafuta na hesabu ya tajiri, akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 5 amepoteza shilingi 1,950,000. Mama ntilie atumie daftari la mikopo ya wateja na risiti za kununua unga na mafuta. Hakimu anaamini kitabu kilichochakaa kwa kutumika kuliko jedwali safi lililochapwa jana.

Usisahau mtu aliyeacha kazi yake ili akuuguze, chakula maalumu alichoagiza daktari, magongo, ukarabati wa chombo chako, na matibabu yajayo. Chuma kikitakiwa kutolewa mwakani, daktari aandike hivyo sasa, pamoja na makadirio ya gharama. Na ulemavu ukishatulia, omba ripoti ya daktari bingwa inayotaja asilimia ya ulemavu wa kudumu. Usiiombe mapema mno. Mfupa ambao haujaunga unaweza kukupa asilimia isiyo ya kweli, juu au chini, na zote mbili zitakuumiza.

Watakuuliza kuhusu kofia ngumu, mwendo, leseni, na kama ulikuwa unavuka pasipo na kivuko. Jibu ukweli. Kuchangia kosa kunapunguza fidia kwa kiwango cha mchango wako na hakuifuti. Uongo mmoja ukigundulika ndio unaoweza kuzama na dai zima.

Barua ya madai na kampuni ya bima

Barua iwe fupi. Itaje tarehe, mahali, namba ya gari, jina la dereva, namba ya jalada la polisi, majeraha, orodha ya hasara na jumla yake, na siku unazowapa kujibu. Waandikie mmiliki na mwajiri wa dereva, nakala kwa kampuni ya bima. Peleka nakala za viambatisho na ubaki na asili zake zote. Karani agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Akikataa, tuma kwa rejista ya posta.

Kuijulisha bima kuna uzito wake wa kisheria. Chini ya Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, kampuni ya bima ina wajibu wa kulipa hukumu aliyopewa mtu wa tatu dhidi ya mteja wake, lakini sharti iwe imepewa taarifa ya kesi. Mimi husema taarifa hiyo iende kabla kesi haijafunguliwa, ili pasiwe na ubishi wa siku.

Ofisa wa madai atakupigia simu na kukupa kiasi cha kwanza. Karibu kila mara kiasi hicho hufunika risiti za hospitali na kidogo juu yake. Usijibu kwa simu. Mwambie akuandikie, akionyesha kila fungu amelipa kiasi gani na amekataa nini kwa sababu gani. Ukishaona kwenye karatasi kwamba kwenye kipato kilichopotea ameweka sifuri, unajua pa kubishania.

Wakikaa kimya au wakakataa bila sababu ya maana, peleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO. Huduma yake ni bure, huhitaji wakili, na nimeona faili lililolala miezi saba likiamka ndani ya wiki mbili baada ya kampuni kuitwa. Beba ushahidi kwamba ulishaanza kwa kampuni yenyewe. TIRA nayo hupokea malalamiko.

Ukifika mahakamani

Kwanza muda. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe tangu siku ya ajali. Lakini sheria hiyo hiyo inatoa mwaka 1 tu kwa madai ya fidia dhidi ya kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria iliyoandikwa, na kuzoa taka ni jukumu la kisheria la halmashauri. Wanasheria wanaweza kubishana siku nzima kama ajali ya gari inaingia humo. Wewe usiwe mfano wa kuujaribu ubishi huo. Gari likiwa la halmashauri, hesabu kwamba una mwaka mmoja. Mazungumzo ya bima hayasimamishi saa, hata kama ofisa ni mkarimu na anakuambia kila mwezi "tuko hatua za mwisho".

Kama mdaiwa ni halmashauri au serikali kuu, lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe hata kwenye kesi dhidi ya halmashauri, na kesi hizo hufunguliwa Mahakama Kuu. Ukisahau notisi, kesi inatupwa nje bila mtu kuangalia mguu wako. Toa siku 90 kwenye ule mwaka, uone umebaki na muda gani wa kukusanya karatasi. Hapa wakili anahitajika kweli.

Mdaiwa akiwa kampuni au mtu binafsi, kesi huenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambazo husikiliza madai ya namna hii hadi shilingi milioni 200. Kinachopimwa hapo ni hasara mahsusi, fidia ya jumla haihesabiwi kwenye kuamua mahakama ipi. Utapelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama kwanza. Uchukulie kwa uzito. Kwenye kesi nyingi nilizosindikiza, makubaliano mazuri yalipatikana pale, mbele ya msuluhishi, baada ya wakili wa bima kuona faili lina hukumu ya jinai na daftari jekundu.

Wakili mhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kumpa hata nakala. Ada yake iandikwe. Usisaini karatasi tupu, na usimpe mtu yeyote ruhusa ya kupokea malipo yote kwa niaba yako bila wewe kujua kiasi. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) au Chama cha Mawakili Tanganyika. Na jihadhari na vijana wanaozunguka wodi za mifupa wakisema "mimi nina mtu wa bima". Hao huchukua nusu.

Mtoto, na aliyefariki

Mtoto aliyegongwa hudai kupitia mzazi au mlezi, na muda wa ukomo hauanzi kumhesabia mpaka afikishe miaka 18. Hata hivyo msisubiri. Mashahidi hawakui pamoja naye.

Kama ajali imeua, wanaodai ni wategemezi: mke au mume, watoto, wazazi. Mfungue usimamizi wa mirathi mapema. Mtahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomteua msimamizi, kisha mahakama itoe tangazo kabla ya kumthibitisha. Miezi inakwenda, na msiba unafanya watu waone aibu kuzungumza fedha. Nawaambia wazi wafiwa: ada ya shule ya watoto wa marehemu iko ndani ya karatasi hizi. Mwenye kampuni akileta gunia la mchele na rambirambi, mpokeeni na mshukuruni. Akileta na kalamu, mwambieni asubiri.

Karatasi ya mwisho

Mkishakubaliana, au mahakama ikishaamua, utaletewa hati ya kukiri malipo. Isome taratibu, ikiwezekana kwa Kiswahili, na uulize maana ya kila mstari. Angalia kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na akaunti iwe yako. Angalia kama inafuta madai yote, yakiwemo ya baadaye. Kama bado una upasuaji mbele na gharama yake haimo, hapo ndipo mahali pa mwisho pa kusema hapana, kwa sababu ukisaini umefunga mlango. Kama ni hukumu na wadaiwa hawalipi, wakili ataomba kukaza hukumu, yaani mahakama iwalazimishe kulipa, na lori lenyewe linaweza kukamatwa, ilimradi si mali ya umma, ambayo ina utaratibu wake wa kulipwa kupitia serikali.

Mdogo wangu alisaini yake miezi kumi na tisa baada ya ile asubuhi, ofisini kwa wakili, mama akiwa pembeni na mfuko wake wa plastiki. Kwanza aliisoma mara mbili kwa sauti, kisha akaomba waongeze mstari wa gharama ya kutoa chuma. Waliongeza.